Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi, na Siri ya Sarafu Katika Mashine

Mtu atiaye sarafu katika mashine ya michezo, au ya santuri, au ya kuuzia soda, huisikia ikiteremka ndani kwa mlio mdogo. Kisha hutokea moja kati ya mambo mawili: ama mashine huamka na mchezo ukaanza, ama sarafu hurudi chini katika kisahani chake, kama mgeni aliyebisha hodi asikaribishwe. Shauri hilo huamuliwa kwa muda usiozidi pumzi moja. Ndani hamna karani wa kuitazama sarafu, wala mzee wa sokoni wa kuing'ata kwa meno. Hata hivyo mashine imekwisha jua kama ile ni fedha ya halali au ni kipande cha chuma kilichokatwa mviringo. Imejuaje?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika maisha ya mtu aliyekufa mwaka 1867, jina lake Michael Faraday. Sisi wa masomo ya sayansi hulikuta jina lake katika vitabu vya fizikia, tukalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukalisahau. Mtu huyu hakuunda mashine ya sarafu hata moja. Lakini kanuni aliyoigundua ndiyo hakimu aketiye ndani ya mashine hizo mpaka leo, na tena njia yake ya kutafuta ukweli ndiyo njia ya fundi yeyote atakaye kuzitengeneza zikiharibika. Kwa hiyo nimeona vema kuwaeleza wanafunzi wenzangu, na wazee wetu waliosoma hapa kabla yetu, habari za maisha yake.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 mahali paitwapo Newington Butts, kusini ya mto Thames, karibu na mji wa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi, mtu mwenye afya mbovu, na siku nyingi hakuweza kusimama penye fuawe. Mama yake aliitwa Margaret. Watoto walikuwa wanne, na Michael alikuwa wa tatu. Mwaka 1801 nafaka ilipopanda bei sana katika Uingereza, nyumba yao ilipata taabu kubwa, hata ikawa Michael hupewa mkate mmoja tu, naye aule wiki nzima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Hakuijua hesabu ya juu maisha yake yote, na jambo hili msomaji alikumbuke, maana tutalirudia.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, yaani mwaka 1804, alitiwa kazini kwa Bwana George Riebau, aliyekuwa na duka la vitabu katika mtaa wa Blandford. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchukua magazeti. Siku zile gazeti lilikuwa ghali, na watu waliliazima kwa zamu. Michael alilipeleka nyumba hii, akangoja mwenyewe amalize, akalipeleka nyumba ya pili. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa mapatano ya miaka saba, na yule bwana, kwa kuwa amempenda, hakumtoza ada.

Wajalidi wengi walikuwa wakishona vitabu bila ya kuvifungua. Kijana huyu alivishona mchana na kuvisoma usiku. Siku moja ikamjia kamusi kuu ya elimu, Encyclopaedia Britannica, imo habari ndefu ya umeme. Tena akasoma kitabu cha kemia alichokiandika mama mmoja, Jane Marcet. Hakuridhika kusoma tu. Kwa senti chache alizoweza kuweka akiba alinunua vitu vidogo vidogo na chupa, akaunda mashine yake ya kutoa cheche za umeme, ili aone kwa macho yake kama yaliyoandikwa ni kweli. Tangu ujana wake alikuwa na desturi hiyo: neno asilolijaribu kwa mkono wake hakulihesabu kuwa lake.

Sasa inakuja habari ya sarafu ya kwanza yenye maana katika maisha yake. Mwaka 1810 palikuwa na mtu mjini London, Bwana Tatum, aliyekuwa akitoa masomo ya sayansi nyumbani kwake wakati wa jioni. Kiingilio kilikuwa shilingi moja kwa kila somo. Kwa mwanagenzi, shilingi moja ilikuwa fedha nyingi. Kaka yake Robert, aliyekuwa mhunzi kama baba yao, akamtolea fedha hizo. Baba yao alifariki mwaka uo huo. Basi yule mhunzi kijana aligonga chuma mchana kutwa ili mdogo wake apate kuketi na kusikiliza habari za umeme. Kama si shilingi za Robert, huenda London ingekuwa na mjalidi mzuri wa vitabu, na ulimwengu ungemkosa Faraday.

Mwaka 1812, mteja mmoja wa duka, Bwana William Dance, akampa tikiti za kusikiliza masomo manne ya Sir Humphry Davy katika Royal Institution, nyumba ya sayansi iliyo mtaa wa Albemarle. Davy alikuwa bingwa wa kemia mwenye sifa Ulaya nzima. Faraday aliandika kila alilosikia, akachora picha za vyombo, akaviweka pamoja na kuvijalidi kwa ufundi wake, kikawa kitabu cha kurasa karibu mia tatu. Mwezi wa Desemba akampelekea Davy kitabu hicho pamoja na barua ya kuomba kazi. Davy alimpokea kwa wema, lakini akamshauri ashike kazi yake ya vitabu, kwa kuwa sayansi haina malipo mazuri. Haukupita muda mrefu, msaidizi wa maabara akafukuzwa kwa sababu ya ugomvi. Davy akamkumbuka yule kijana. Tarehe 1 Machi 1813 Faraday akaandikwa kazi kwa mshahara wa shilingi 25 kwa wiki, pamoja na vyumba viwili juu darini.

Mwaka ule ule akafuatana na Davy katika safari ya Ulaya, ijapokuwa Uingereza ilikuwa vitani na Napoleon. Walipita Ufaransa na Italia, na Faraday akaonana na wataalamu wakubwa kama Ampère na Volta. Lakini safari ilikuwa na uchungu wake. Mtumishi wa Davy alikuwa amekataa kwenda, ikambidi Faraday afanye na kazi za mtumishi, na mke wa Davy alimtendea kama mtwana. Mara kadhaa alitaka kurudi nyumbani. Akavumilia, kwa sababu kila mji ulikuwa darasa. Waliporudi mwaka 1815, yule mjalidi alikuwa amekwisha kuwa mtu wa sayansi.

Mwaka 1820 habari kubwa ilitoka Denmark. Mwalimu Ørsted alikuwa ameona kwamba mkondo wa umeme upitao katika waya huigeuza sindano ya dira. Umeme na sumaku, ambavyo watu walividhani kuwa vitu viwili mbalimbali, vilikuwa ndugu. Mwezi wa Septemba 1821, muda mfupi baada ya kumwoa Sarah Barnard, Faraday aliweza kuufanya waya wenye umeme uizunguke sumaku ndani ya bakuli la zebaki. Huo ulikuwa mwanzo wa mota. Badala ya sifa tupu akapata fitina. Baadhi ya watu walisema ameiba wazo la Dakta Wollaston. Davy mwenyewe, bwana wake, akasimama kumpinga asichaguliwe kuingia Royal Society. Faraday hakujibizana naye hadharani. Mwaka 1824 akachaguliwa. Kura moja tu ilimkataa.

Tangu hapo swali moja likamkaa moyoni. Ikiwa umeme huzaa usumaku, je, sumaku haiwezi kuzaa umeme? Alijaribu mwaka 1825, asione kitu. Alipanga waya hivi na hivi, akaunga betri, akatazama. Sindano imetulia tuli. Akaandika katika daftari lake kuwa hakuna matokeo. Kwa watu wengi hapo ndipo hadithi ingekwisha.

Tarehe 29 Agosti 1831 alikuwa na pete ya chuma, upana wake kiasi cha inchi sita. Upande mmoja alikuwa amezungusha waya mwingi wa shaba, na upande wa pili waya mwingine, usiogusana na ule wa kwanza. Waya wa upande wa pili aliupitisha juu ya sindano ya dira iliyowekwa mbali kidogo. Akaunga betri upande wa kwanza. Sindano ikatikisika, kisha ikarudi mahali pake, ikatulia, ingawa betri ilikuwa ingali imeungwa. Akaitoa betri. Sindano ikatikisika tena.

Msomaji, fikiri juu ya mtikisiko huo. Mtu mwenye haraka angalisema meza imegongwa, au upepo umeingia dirishani. Angalitazama sindano iliyotulia na kuandika kwa mara nyingine kuwa hakuna kitu. Faraday alirudia, akarudia tena, mpaka akafahamu kwamba kosa la miaka yote lilikuwa kungojea mkondo unaodumu. Umeme huzaliwa wakati wa mabadiliko tu: sumaku inapokuja au inapokwenda, inapoamka au inapolala. Ikisimama tuli haizai kitu. Tarehe 17 Oktoba akaingiza kipande cha sumaku kwa haraka ndani ya koili ya waya, na umeme ukapita bila ya betri yo yote. Siku kumi na moja baadaye akazungusha kisahani cha shaba katikati ya ncha za sumaku kubwa ya Royal Society, akapata mkondo usiokatika. Mitambo ya umeme ya Owen Falls pale Jinja, na ya Inga katika Kongo, ni wajukuu wa kisahani hicho.

Kisahani hicho ndicho kitakachoturudisha kwenye sarafu yetu. Mwaka 1824 Mfaransa Arago alikuwa ameona jambo la ajabu: kisahani cha shaba kikizungushwa chini ya sindano ya sumaku, sindano nayo hufuata kuzunguka, na hali shaba hainaswi na sumaku kamwe. Wataalamu walibishana wasipate jibu. Faraday akalipata. Shaba inapopita mbele ya sumaku, mikondo midogo ya umeme huzaliwa ndani yake, ikizunguka kama maji ya mto yazungukavyo nyuma ya jiwe. Mikondo hiyo nayo ina usumaku wake, na usumaku huo huuzuia mwendo ulioizaa. Kwa maneno mengine, sumaku huifunga breki shaba pasipo kuigusa.

Sasa na tuifungue mashine ya sarafu. Mashine ya zamani kuliko zote tunayoisoma habari zake ilielezwa na Heron wa Alexandria, katika Misri, katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Mtu alitia sarafu ya drakma tano, ikaangukia ncha ya wenzo, wenzo ukainama na kufungua kizibo, maji yakatoka. Sarafu ilipoteleza na kuanguka, wenzo ulirudi na maji yakakoma. Werevu wa ajabu, lakini una aibu moja: wenzo wa Heron ulijua uzito tu. Jiwe lenye uzito wa sarafu lingepata maji sawasawa na fedha ya mfalme.

Kwa hiyo mafundi wa zama zetu waliongeza mitihani. Katika mashine nyingi za michezo zisizo na hesabu za kompyuta kwenye tundu lake, sarafu hupita mitihani kadhaa mfululizo. Kwanza ni tundu lenyewe: iliyo kubwa mno au nene mno haiingii. Pili ni kitanda kidogo cha mizani: iliyo nyembamba ya upana huponyoka kati ya mikono yake, na iliyo nyepesi haiwezi kukiinamisha. Tatu ni mtihani wa Faraday. Sarafu hubingirika juu ya reli fupi ya mteremko, ikipita mbele ya sumaku. Kipande cha chuma hunaswa papo hapo. Fedha na shaba hupunguzwa mwendo sana, kwa kuwa umeme hupita ndani yake kwa wepesi. Risasi hupunguzwa kidogo tu. Kila madini hutoka mwisho wa reli na mwendo wake. Iliyopungua mwendo mno huanguka karibu, yenye mwendo mno huruka mbali, nayo sarafu ya halali huangukia mahali pake katikati, ikaufikia mlango wa kukubaliwa.

Ziko na mashine zilizo na koili mbili badala ya reli na sumaku. Kati ya koili hizo fundi huweka sarafu moja ya mfano, na sarafu ya mteja hupitishwa karibu nayo. Mkondo wa koili hubadilika mara nyingi kwa sekunde, nao huzaa mikondo midogo katika sarafu zote mbili. Zikilingana, mlango hufunguliwa. Hiyo nayo ni pete ya mwaka 1831, imevaa nguo mpya.

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la mchezo tu. Mwaka 1965 Marekani ilipoacha kutia fedha katika sarafu zake za senti kumi na senti ishirini na tano, kwa sababu madini ya fedha yalikuwa yakiadimika, serikali ilipaswa kuchagua madini mengine. Ilichagua moyo wa shaba uliofunikwa pande mbili kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Sababu moja kubwa ni kwamba sarafu hiyo hupitisha umeme karibu sawa na ile ya zamani, hata mamilioni ya mashine zilizokuwapo zingeweza kuzikubali zote mbili. Na Uingereza ilipobadili sarafu za peni 5 na peni 10 mwaka 2012 kuwa za chuma kilichopakwa nikeli, wenye mashine waliingia gharama ya kuzirekebisha. Serikali ya nchi inaweza kuchora juu ya sarafu picha yo yote iitakayo, lakini mashine haisomi picha. Inaisoma kanuni ya mwana wa mhunzi.

Je, mashine ikikataa sarafu njema, au ikimeza sarafu na mchezo usianze, fundi afanye nini? Hapa ndipo mwenendo wa Faraday unapofaa. Yeye alibadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, akatazama, akaandika. Mabandiko ya daftari lake alikuwa akiyatia namba, nazo zikafika 16,041. Fundi mbaya huikunja waya hii, hukaza skurubu ile, hupaka mafuta pale, yote kwa mara moja. Mashine ikipona hajui kilichoiponya, ikifa hajui kilichoiua.

Fundi mwema huanza kwa kuukata umeme kabla hajatia mkono wake ndani. Kisha hutazama kama mashine imesimama sawasawa sakafuni, maana mashine iliyoinama hubadili mteremko wa reli, na sarafu njema hutoka na mwendo usio wake. Husafisha reli kwa kitambaa na spiriti, kwa kuwa jasho la mikono na soda huganda na kuivuta sarafu. Hatii mafuta kamwe; mafuta hukusanya vumbi, na baada ya mwezi hali huwa mbaya kuliko ya kwanza. Hufuta uso wa sumaku, maana unga wa chuma hujishika hapo kidogo kidogo mpaka ukaziba njia. Kisha huchukua sarafu moja anayoijua kuwa ni njema, akaitia mara kumi, akahesabu ni mara ngapi imekubaliwa. Sarafu moja kwa mara moja haithibitishi kitu.

Sarafu zote zikirudishwa bila kubagua, huenda kosa haliko katika mizani wala sumaku. Mashine nyingi zina sumaku ya umeme ambayo hufungua njia ya kukubali. Umeme usipoifikia, kila sarafu hurudishwa. Iliundwa hivyo makusudi, mashine iliyozimwa isile fedha za watu. Hapo fundi hufuata waya mpaka aone palipokatika. Lakini kama sarafu inakubaliwa, inasikika ikianguka katika sanduku, na mchezo hauanzi, hukumu ilikuwa sawa ila taarifa haikufika. Chini ya njia ya sarafu kuna swichi ndogo yenye ulimi wa waya mwembamba. Ulimi huo ukipinda, sarafu hupita bila kuugusa. Na ikiwa ni mashine ya koili mbili, huangalia kama sarafu ya mfano imeteleza mahali pake. Mfano ukipotoka, wema wote huonekana waovu.

Kuna hatari moja zaidi, nayo Faraday aliifichua mwaka 1853. Wakati ule watu wengi wa Uingereza walishikwa na wazimu wa meza. Waliketi kuizunguka, wakaweka mikono juu yake, na meza ikaanza kuzunguka, nao wakasema ni mizimu au ni nguvu mpya ya umeme. Faraday hakuwatukana wala hakuwaita waongo. Aliunda chombo cha vibao vilivyopangwa juu ya vijiti vya kubingirika, na kijiti kirefu cha kuonyesha mwendo. Mikono ikivisukuma vibao, kijiti huinama kabla meza haijajongea. Ikaonekana kwamba ni wao wenyewe walioisukuma, bila ya kujua. Na walipoweza kukiona kile kijiti, meza haikwenda tena. Ndivyo ilivyo kwa fundi aliyechoka, atakaye kazi iishe. Huitia sarafu kwa kuisukuma kidogo, ikapita, akafunga mlango na kuondoka. Ameudanganya moyo wake, na mteja wa kwanza ataligundua kosa.

Sasa nimalizie habari za maisha yake. Mwaka 1833 Faraday alifanywa profesa katika Royal Institution ile ile aliyoingia kama mtu wa kuosha chupa. Alitunga kanuni za umeme unapopita katika maji yenye dawa, akaonyesha mwaka 1845 kuwa sumaku huweza kuathiri mwanga. Tangu mwaka 1836 alikuwa mshauri wa minara ya taa za baharini, na hata uzeeni alikwenda pwani wakati wa baridi kuzikagua. Kila Krismasi alipopata nafasi aliwafundisha watoto. Masomo yake juu ya mshumaa yanasomwa mpaka leo.

Kwa kuwa hakujua hesabu ya juu, wako waliomdharau. Yeye aliona mistari ya nguvu katika hewa inayoizunguka sumaku, na wataalamu wa hesabu walidhani ni ndoto za fundi. Kijana wa Scotland, James Clerk Maxwell, ndiye aliyeitafsiri mistari hiyo kwa lugha ya hesabu tangu mwaka 1855, na katika hesabu hizo ndimo ilimotoka elimu ya redio. Kwa hiyo asiyejua somo moja asijitupe. Huenda anaona kitu ambacho mjuzi wa somo hilo hakukiona.

Alikuwa mshiriki wa kanisa dogo la Wasandemani, kanisa la wazazi wake, akaishi kwa kiasi kama lilivyofundisha. Mara mbili aliombwa awe rais wa Royal Society, akakataa. Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kukaa katika Hampton Court. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumtoka, na siku nyingine alisahau alichokwisha kukijaribu jana yake. Akafariki hapo tarehe 25 Agosti 1867, ameketi kitini, akazikwa katika makaburi ya Highgate bila ya fahari, kama alivyotaka. Tangu mwaka 1991 mpaka mwaka 2001 picha yake ilikuwa juu ya noti ya pauni 20 ya Benki ya Uingereza. Mtoto aliyelishwa mkate mmoja kwa wiki alitiwa juu ya fedha ya nchi yake.

Wanafunzi wenzangu, msiniamini mimi tu, wala msikiamini kitabu. Chukueni sarafu zilizomo mifukoni mwenu, mzijaribu kwa sumaku moja moja. Mtaona nyingine zinanaswa na nyingine hazijali. Kisha tafuteni sumaku yenye nguvu katika diski ya kompyuta iliyokufa. Inamisheni bamba nene la alumini au la shaba, mwiachie sumaku iteleze juu yake, halafu mwiachie juu ya ubao uliolainishwa kwa mteremko ule ule. Juu ya ubao itakwenda mbio. Juu ya bamba itashuka polepole kama mzee ashukaye ngazi, na hakuna mkono unaoishika. Atakayeliona jambo hilo kwa macho yake, akaandika alivyofanya na akarudia mara kumi, huyo ameanza kusoma fizikia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita